Kuni za Jumatatu

Siku ya Jumatatu hakuna mtoto anayeingia shule ya msingi Nangundwe mikono mitupu. Kila mmoja huja na ukuni wake: wa darasa la kwanza kijiti cha unene wa kidole, wa darasa la saba gogo la kubeba begani. Ukuni ndio ada ya uji. Asiyeleta hufagia uwanja, na saa nne wenzake wakipanga foleni na vikombe yeye hukaa pembeni akiwatazama. Utaratibu huo ulipitishwa na kikao cha wazazi, ukapigiwa makofi, na Bi Maftaha, mpishi wa shule, akapewa kazi ya kuzipokea kuni na kuzipanga.

Jumatatu hii alizipokea akiwa amejifunga mtandio mpaka puani. Tangu alfajiri mashine zilikuwa zinanguruma katika shamba la Mwenyekiti Ahmadi, lililopakana na shule upande wa kusini. Mwezi wa saba ni mwezi wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mikorosho hupulizwa umande ukiwa bado juu ya majani, ili unga ushike, kwa hiyo wapulizaji huamka saa kumi, na jua likichomoza mji mzima wa Nangundwe huwa umeshapakwa manjano hafifu: mapaa, nguo zilizosahaulika kambani, maji ya ndoo zisizofunikwa, migongo ya mbuzi. Macho huwasha, makoo hukauka. Mabati ya jiko la shule yalikuwa na miaka minne tu na tayari yalikuwa na matundu ya kupitisha mwiko.

Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, mwenye shamba alikuwa hapulizi bila kupiga mbiu. Jioni ya kuamkia siku hiyo mtu alipita mtaani akigonga debe: kesho shamba la fulani, kwa jina lake, funikeni maji, fungeni kuku, anueni nguo. Siku hizi mbiu imehamia kwenye kundi la simu, na kundi lenyewe ni la wanachama wa ushirika wa korosho. Mwenye kitochi, simu ya kupigia tu, atajua akishaanza kukohoa.

Tena kulikuwa na ahadi. Bwana shamba alisema kwenye mkutano wa hadhara kwamba mashamba yanayopakana na shule yatapulizwa Jumamosi na Jumapili tu. Likaandikwa, likagongwa muhuri. Lakini salfa mwaka huu ilichelewa wiki tatu, na maua ya mikorosho hayasubiri muhuri wa mtu.

"Shikamoo mama," Kondo alimwamkia akipita kando ya ua wa michongoma. Kondo alikuwa mpulizaji wa kukodiwa. Mashine ilikuwa mgongoni, tambara la fulana limefungwa mdomoni, nyusi zimegeuka njano.

"Marahaba. Kondo, leo si Jumatatu?"

"Ndiyo Jumatatu."

"Si mlisema wikiendi?"

"Mama, mimi naambiwa puliza, napuliza. Nikikataa anaitwa mwingine." Akashusha tambara akakohoa, kikohozi cha kutoka chini kabisa, akatema. "Hata mimi si unaniona."

Alimwona. Alimjua tangu akiwa na meno ya utoto, na sasa kijana wa miaka ishirini na mitano alikuwa anakohoa kama mzee wa bandarini. Maftaha akarudi kwenye kuni zake akiwa na hasira, na hasira isiyo na mtu wa kumwangukia ni mzigo.

Kuni zote zilikuwa za mkorosho. Hakuna nyingine. Msitu wa hifadhi umefungwa. Mwezi uliopita askari wa misitu walikamata kina mama watatu wenye mizigo kichwani, wakalala rumande Lindi kwa sababu ya kuni za kupikia maharage. Mitungi ya gesi iligawiwa siku moja ya sherehe, mdogo mmoja kwa kila balozi wa nyumba kumi, ikaisha, na sasa watu wanaikalia. Kilichobaki ni matawi yanayopogolewa mashambani, na matawi hayo yamelishwa salfa miaka nenda rudi, imejaa kwenye kila ufa wa ganda.

Maftaha alikuwa anaijua tabia ya kuni hizo. Ukuni wenye salfa hauchomwi mbichi wala mkavu mpaka ukae. Kuni za Jumatatu yoyote alikuwa akizipikia mwezi wa mbele: alizilaza nyuma ya jiko, akazigeuza, akazibandua maganda kwa panga, akazipiga chini mpaka unga umalizike. Miaka kumi na moja alipika hivyo na hakuna mtoto aliyelia. Lakini Alhamisi iliyopita walikuja wageni wa kukabidhi madawati, na wageni hawali uji. Sufuria tatu za pilau zilimaliza rundo lote la kuni safi. Ijumaa alikwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu Optatus.

"Mwalimu, kuni nzuri zimekwisha. Zitakazokuja Jumatatu zitakuwa na salfa mpya."

"Kwani hizo si kuni?"

"Ni kuni, lakini haziwezi kupikiwa siku hiyohiyo."

Mwalimu Optatus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Bi Maftaha, nina watoto mia tatu na arobaini. Nusu yao hawajala tangu usiku. Uji utapikwa au hautapikwa?"

Basi ukapikwa. Maftaha aliupiga kila ukuni chini mara tano, mara sita, mpaka mkono ukamuuma, na vumbi la manjano likamzunguka. Akaupanga kwenye mafiga chini ya pipa la uji, akawasha.

Mwanzo moto ulishika vizuri, maana kuni zilikuwa kavu kabisa. Kisha chini ya ule mwekundu zikaanza kutambaa ndimi ndogo za buluu, zikifuata nyufa za maganda, na harufu ikapanda, ile ya njiti ya kiberiti inapowaka puani mwako, lakini mara mia. Kifua kilimfunga hapohapo. Alivuta kuni mbili nje, wa tatu ukamwunguza. Akachota maji akamwagia, moshi ukaongezeka. Upepo wa kusi uliuchukua moshi wote, ukaupitisha juu ya yadi kumi za mchanga, ukauingiza kwenye madirisha ya darasa la nne yasiyo na vioo.

Alisikia madawati yakianguka. Watoto walitoka mlangoni, wakatoka madirishani, wengine wakitapika, wengine wakijisugua macho kwa mikono yenye salfa na kuzidi kulia. Maftaha aliwahesabu kwa macho akimtafuta mmoja. Samia, mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyefia uzazini, alikuwa darasa la nne. Samia alikuwa na pumu.

Hakuwa ametoka. Alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, mabega yakipanda na kushuka, mdomo wazi. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alimtazama bibi yake na hakusema kitu kwa sababu pumzi ya kusemea haikuwepo.

Maftaha alimfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, yeye mwenye miaka hamsini na mbili na mtoto wa miaka kumi, akakimbia. Zahanati iko mwisho wa mji. Njia nzima alikuwa anasikia karibu na sikio lake sauti kama ya mlango usiofungika vizuri, na kila ilipokatika alimtikisa.

Nesi Helena hakuuliza maswali. Alimkalisha mtoto, akamchoma sindano, akachukua kidude cha kuvuta dawa kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe, kwa kuwa cha zahanati kilikwisha mwezi wa tano. Nusu saa ilipita. Kisha nyingine. Ule mlango ukaanza kufunga polepole, na mabega ya Samia yakatulia.

"Bibi," alisema hatimaye, "uji umeungua?"

"Umeungua, mwanangu. Lala."

Helena alifungua daftari kubwa akaandika jina, umri, na neno moja: pumu. Maftaha alikuwa anaitazama kalamu yake.

"Andika na salfa."

"Mama Maftaha, hapa pana sehemu ya ugonjwa. Sehemu ya salfa haipo."

"Si ndiyo iliyomleta?"

"Najua ndiyo iliyomleta." Helena alizirudisha nyuma kurasa za daftari, akazionyesha kwa kidole. "Ona mwezi wa sita mwaka jana. Pumu, pumu, kifua, macho, kifua. Mwezi wa saba hivyohivyo. Mwezi wa kumi hakuna. Mimi kila mwaka napeleka hesabu hizi wilayani, na kila mwaka wananijibu wananchi wapunguze vumbi majumbani. Mwaka juzi niliandika salfa pembeni kwa penseli. Nikaulizwa nimeipima kwa mashine gani."

Maftaha alizifuata kurasa zile kwa macho. Aliona kwamba mwanamke yule naye alikuwa ana hasira, ila ya kwake ilikuwa imekaa muda mrefu ndani ya koti jeupe na kupoa.

Saa saba kitochi chake kililia. Alikuwa Mwalimu Optatus.

"Bi Maftaha, mtoto anaendeleaje?"

"Anapumua."

"Alhamdulillahi, kama mnavyosema. Sasa sikiliza, urudi shuleni. Kuna mtu amerusha sauti kwenye makundi, ati watoto wanakufa Nangundwe. Amekuja afisa kutoka wilayani, anataka maelezo yako." Akaongeza: "Na upitie dukani uchukue majani ya chai na sukari. Wageni hawajanywa kitu."

Alimwacha Samia kwa Helena, akaenda. Alipita dukani pia. Hiyo ndiyo iliyomuudhi zaidi baadaye alipoikumbuka, kwamba miguu yake yenyewe ilikata kona kwenda dukani kwa mazoea.

Ofisini walikuwa watatu. Mwalimu Optatus alikuwa amempisha mgeni kiti chake. Mgeni, Bwana Shaaban, alikuwa mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi, karatasi mbele yake na karatasi za kaboni katikati. Na kando ya dirisha alikaa Ahmadi, mwenye shamba, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, na ndiye mwenyekiti wa ushirika. Nangundwe ukigombana na mtu mmoja umegombana na shamba na viti viwili.

"Pole sana dada yangu," Ahmadi alisema, na alimaanisha. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo kidogo."

"Mungu mkubwa."

Bwana Shaaban aligonga kalamu. "Mama, mimi sina muda mrefu. Nijaze fomu nirudi. Mwalimu amenieleza tayari. Ulipikia kuni mbichi, zikatoa moshi mwingi, watoto wakapaliwa. Ni hivyo?"

Maftaha alimtazama Mwalimu Optatus. Mwalimu aliangalia meza.

"Kuni zilikuwa kavu," alisema.

"Kavu?"

"Kavu. Mimi napika hapa miaka kumi na moja. Kuni mbichi nitaziwashaje, mtoto wa jikoni mimi?"

"Sasa kuni kavu zinatoaje moshi wa kuzimisha watoto?"

"Zilikuwa na salfa. Salfa ikiungua haina mchezo, kila mwanamke wa hapa anajua. Na leo alfajiri wamepuliza hapo nje, siku ya shule, na watoto wamepita katikati yake na kuni begani."

Mashine zilikuwa zimeshazima, lakini kwenye kizingiti cha dirisha, nyuma ya kiwiko cha Ahmadi, unga ulikuwa umekaa wa kutosha mtu kuandika jina lake kwa kidole.

"Dada yangu," Ahmadi alianza kwa upole, "salfa ni unga tu. Sisi tumezaliwa nayo. Madarasa mawili haya yamejengwa na makato ya korosho, na korosho bila salfa hakuna. Hata wewe mwenyewe una mikorosho yako kumi na miwili. Ulipuliza au hukupuliza?"

"Nilipuliza."

"Basi."

"Nilipuliza Jumapili. Na Jumamosi jioni nilipita mtaani na debe nikasema kesho shamba la Maftaha, watu wakafunika maji yao. Wewe mbiu yako iko wapi, Mwenyekiti?"

"Ilitumwa kwenye kundi."

"Samia hana kundi."

Bwana Shaaban aliinua mkono, kama mtu anayeamua ugomvi wa ndugu. "Mama, hiyo salfa umeipima?"

"Pua yangu imeipima. Na kifua cha mjukuu wangu."

"Hicho si kipimo." Akaweka kalamu chini, akajinyoosha. "Jamani, hebu tupate chai kwanza. Mambo haya hayazungumziki na njaa."

Mwalimu Optatus akageuka. "Bi Maftaha, tusaidie chai."

Hapo ndipo kitu kilipogeuka ndani yake. Mjukuu alikuwa zahanati akivutia pumzi kwenye kidude cha kuazima, yeye anasomewa kosa ambalo si lake, na bado aliyetakiwa kuinuka akawashe moto ni yeye. Alikuwa ana sukari yao mkononi. Alihisi hasira ikimpanda kutoka magotini, safi kabisa, na kwa mara ya kwanza siku ile ilikuwa na mahali pa kwenda.

"Jikoni kumejaa maji na uji, mwalimu. Hapakaliki."

"Pika popote. Hata hapo nje."

"Na kuni sina nyingine. Zipo hizo za asubuhi."

Mwalimu alimtazama mgeni. Ni mgeni aliyejibu, huku akicheka kidogo. "Si umesema ni kavu, mama? Kama ni kavu, pikia hizohizo. Hazina neno."

"Hazina neno?"

"Hazina neno."

"Haya," alisema Maftaha. "Mmesikia wenyewe."

Alikwenda nyuma ya jiko akachagua kuni ambazo hazikupata maji, nene, zenye maganda mazima. Safari hii hakuupiga chini ukuni hata mmoja. Akabeba mafiga matatu, moja moja, akayapanga upande wa kusini wa ofisi, chini ya dirisha. Akateleka sufuria ya maji. Akawasha, akasogea upande upepo unakotoka, akajifunga mtandio puani, akasubiri.

Walivumilia, maana wanaume wakiwa watatu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Alisikia mazungumzo yakikatika. Alisikia kikohozi cha mwalimu, kisha cha mgeni, kisha vyote pamoja. Ahmadi alijaribu kufunga dirisha, lakini dirisha la shule ile lilikuwa na fremu tu. Ndimi za buluu zilikuwa zinazunguka sufuria taratibu, nzuri kutazama. Mkuki kwa nguruwe, Maftaha aliwaza, na hakuona haya.

Ahmadi ndiye aliyetoka wa kwanza, kofia mdomoni. Mwalimu akafuata. Bwana Shaaban alitoka mwisho akipapasa ukuta, karatasi kifuani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari lake, akaegemeza mikono kwenye boneti, akainama kama anayetaka kutapika. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Shati la pasi lililowa.

Maftaha alimfuata na ukuni mkononi.

"Shika, mheshimiwa."

Akamtia mkononi. Kisha akaushika upande wa pili, akauvunja. Ulitoa mlio mmoja mkavu, na watu wote wanne waliusikia. Vidole vya Bwana Shaaban vilibaki na manjano.

"Huo ni mbichi?"

Bwana Shaaban aliutazama ukuni, akaviangalia vidole vyake, akavifuta kwenye suruali. Alipozungumza sauti ilikuwa imekwaruza, na haikuwa ya ukali.

"Mama, nikuambie ukweli. Nikiandika salfa, linakuwa faili lingine. Linakwenda kilimo, linakwenda mkoani, halafu linarudi kuniuliza mimi ni nani wa kuisemea salfa. Nikiandika kuni mbichi, linaishia hapahapa na wewe unapewa onyo tu. Hufukuzwi."

"Onyo la nini?"

"La kuni mbichi."

Akaiweka fomu juu ya boneti, akapangusa macho kwa mkono wa shati, na huku machozi yakiendelea kudondoka juu ya karatasi, akaandika kwenye nafasi ya sababu: moshi wa kuni mbichi, uzembe wa mpishi. Maftaha aliyasoma maneno yale juu chini, herufi kwa herufi. Mtu alikuwa analizwa na salfa na mkono wake unaandika kuni mbichi. Hakuwahi kuona uongo ukiandikwa na mtu anayeteseka kwa ukweli wake dakika hiyohiyo.

"Weka sahihi hapa," alisema Bwana Shaaban akimpa kalamu. Macho yake yalikuwa yamefumba.

Maftaha alimaliza darasa la saba mwaka ambao shule hii ilikuwa bado ya nyasi, na mwandiko wake haukuwa mbaya. Aliinama juu ya boneti la moto. Pale palipoandikwa sahihi ya mhusika hakuandika jina lake. Aliandika neno moja kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu ili kaboni ishike mpaka nakala ya mwisho: SALFA.

Bwana Shaaban alichana nakala ya shule akampa mwalimu, akakunja zilizobaki bila kuziangalia, akazitupa kwenye kiti cha gari. Chai hakuisubiri. Gari liliondoka, Ahmadi akiwa ndani yake, ameomba lifti mpaka kwake.

Mwalimu Optatus alibaki na karatasi. Aliisoma mara moja, akaisoma tena. Akatazama getini, gari lilikuwa limeshapotelea kwenye vumbi.

"Bi Maftaha, umefanya nini?"

"Nimesaini, mwalimu. Si ndivyo mlivyotaka?"

"Watanirudia mimi. Unajua watanirudia mimi." Alikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi, mpaka ikaenea kiganjani. Hakuichana. "Kesho usije kazini."

Maftaha alikuwa ameshalitegemea hilo. Miaka kumi na moja. Alikwenda jikoni akachukua vilivyo vyake, mwiko mkubwa wa mninga na mfuniko wa sufuria wa bati nene, alivyovileta kutoka nyumbani siku ya kwanza kwa sababu shule haikuwa navyo. Moto wa chini ya dirisha aliuacha ukiwaka. Wakitaka kuuzima, maji wanajua yalipo.

Kondo alikuwa kwenye ukingo wa shamba akipanga mifuko ya salfa kwenye kivuli, tambara limening'inia shingoni. Alipomwona alisimama.

"Mama, nimesikia ya Samia. Pole."

"Nimeshapoa."

Alichezea mdomo wa mfuko kwa muda. "Kesho tunamalizia mistari ya huku, inayotazama darasa la nne. Mwenyekiti amepiga simu sasa hivi, anasema tusilaze kazi. Nakwambia mapema ili mtoto asije shule."

"Mtoto asije shule."

"Ndiyo mama. Bora abaki nyumbani."

"Ili mkorosho upate dawa."

Kondo aliinamisha kichwa. Yeye peke yake ndiye aliyemwambia mtu, na alimwambia mmoja. Maftaha alimtazama kijana yule na mifuko yake, akaitazama shule, madirisha yasiyo na vioo, na akili yake ikawaona watoto mia tatu thelathini na tisa waliobaki wakija kesho asubuhi wakiwa wamevaa sare.

"Wengine umewaambia?"

"Mimi nani, mama, wa kupiga mbiu ya shamba la watu?"

"Kweli," alisema Maftaha. "Si lako."

Akatoka kwenye ukingo wa shamba, akaingia barabara ya katikati ya mji. Ilikuwa baada ya alasiri, saa ambayo kina mama wanachota maji na watu wanakaa barazani. Kifua kilikuwa bado kinamuuma, na hakuwa na uhakika sauti itatoka. Akainua mfuniko kwa mkono wa kushoto, akaugonga kwa mwiko mara tatu, kama lilivyogongwa debe zamani, na mbwa wa dukani akaanza kubweka.

"Kesho wanapuliza shule," alisema, na sauti ikatoka, imekwaruza lakini imetoka. "Kesho wanapuliza shule. Funikeni maji, fungeni kuku, wekeni watoto ndani."

Akagonga tena, akaenda mbele. Nyumba ya kwanza mtu alichungulia akaingia ndani. Ya pili msichana aliweka mfuniko kwenye ndoo. Alipofika karibu na msikiti wanawake wawili walishuka barazani wakamsimamisha katikati ya njia, mmoja akiwa na mtoto mgongoni, wakamuuliza ni shamba la nani, kwa kuwa mbiu bila jina si mbiu.

Naye akalitaja jina.